Kompyuta za mtumba: Bei ya kweli iko kwenye namba ya prosesa

MNUNUZI wa spea za magari anapofika katika maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, hatoi fedha mfukoni kabla ya kutaja namba. Atasema gari ni la mwaka gani, injini ni ipi, na kama ni mzoefu atakuwa amekuja na namba ya chesisi imeandikwa kwenye kipande cha karatasi. Anajua kwamba pampu ya injini hii haiingii kwenye injini ile, hata kama magari yote mawili ni Toyota na yanafanana kwa nje.

Mnunuzi huyo huyo akivuka kwenda Kariakoo kutafuta kompyuta ya dukani kwake, tahadhari hiyo huiacha nyuma. Huuliza mambo matatu tu: ni i3 au i5, RAM ni ngapi, na bei ya mwisho ni shilingi ngapi. Akiambiwa ni i5 yenye RAM ya gigabaiti 8, hulipa na kuondoka. Siku chache baadaye ndipo hugundua kwamba programu ya mahesabu aliyoinunua haikubali kuingia, mashine ya kuchapa risiti haitambuliwi, au toleo jipya la Windows linakataa kompyuta yenyewe.

Hasara ya aina hii si ya mnunuzi peke yake. Muuzaji aliyeleta mzigo wa kompyuta zilizotumika kutoka Uingereza, Ujerumani au Dubai bila kuangalia namba hizo huweza kujikuta na mali inayoshuka thamani kila mwezi ikiwa rafuni. Na jambo hili limekuwa zito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo ulioingia sokoni Julai 29, 2015 na kuwa ndio uliozoeleka katika ofisi na maduka mengi.

Kwa lugha ya soko, tarehe hiyo ilichora mstari katikati ya rafu. Kompyuta zilizo upande mmoja wa mstari zinaweza kuhamia Windows 11 kwa utaratibu unaokubalika. Zilizo upande wa pili haziwezi. Kwa macho zinafanana. Kinachozitofautisha ni tarakimu moja katika namba ya prosesa.

Vitu vitatu vinavyotakiwa kukubaliana

Ili programu ifanye kazi, vitu vitatu lazima vikubaliane. Cha kwanza ni prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta unaofanya mahesabu yote. Cha pili ni mfumo endeshi, kama vile Windows, macOS au Linux, unaosimamia vifaa na kuzipa programu nafasi ya kufanya kazi. Cha tatu ni programu yenyewe na toleo lake.

Kila programu huandikwa na kisha kugeuzwa kuwa amri ambazo aina fulani ya prosesa inazielewa. Prosesa za Intel na AMD zinazotumika katika kompyuta nyingi za mezani na laptopu huelewa amri za familia moja, iliyoanzia kwenye prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978. Prosesa za aina ya ARM, zilizozoeleka kwenye simu na sasa zimeingia kwenye laptopu, zina amri zake tofauti kabisa. Programu iliyotengenezwa kwa familia moja haielewi nyingine mpaka awepo mkalimani katikati, na kila mkalimani ana gharama yake.

Ndani ya familia ya Intel na AMD kwenyewe kuna madaraja. Prosesa ya 8086 ilikuwa ya biti 16. Mwaka 1985 ilikuja 80386 ya biti 32. Mwaka 2003 kampuni ya AMD ilitangulia kutoa prosesa za familia hiyo zenye biti 64, na Intel ikafuata mwaka 2004. Biti hizi si maneno ya kupambia tangazo. Mfumo wa biti 32 huweza kuhesabu nafasi za kumbukumbu 4,294,967,296, ambazo ni gigabaiti 4, basi. Ndiyo maana mtu anayeongeza RAM hadi gigabaiti 8 kwenye kompyuta iliyowekewa Windows ya biti 32 anatupa fedha yake: mfumo hautaitumia RAM hiyo ya ziada.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba daraja la juu hubeba la chini yake, lakini la chini halibebi la juu. Prosesa ya biti 64 inaweza kuendesha Windows ya biti 32 au ya biti 64. Windows ya biti 64 inaweza kuendesha programu za biti 64 na za biti 32. Windows ya biti 32 haiwezi kuendesha programu za biti 64 hata kidogo.

Kuna mambo mawili ambayo kanuni hiyo haiyaokoi. La kwanza ni programu za zamani za biti 16, zikiwemo zile za DOS zilizoandikwa miaka ya 1980 na 1990 kwa ajili ya hesabu za stoo na mishahara. Windows ya biti 64 haiziendeshi. Lazima zitafutiwe programu nyingine ya kuigiza mazingira ya DOS. La pili ni draiva, yaani programu ndogo inayounganisha kompyuta na kifaa kama mashine ya kuchapa au ya kusoma alama za bidhaa. Windows ya biti 64 inahitaji draiva ya biti 64. Mwenye duka aliye na mashine ya risiti ya miaka mingi, ambayo kiwanda chake hakikuwahi kutoa draiva hiyo, atalazimika kununua mashine nyingine. Gharama hiyo haionekani kwenye bei ya kompyuta, lakini inatoka katika mfuko ule ule.

Mstari wa kizazi cha 8

Windows 11 ilitolewa tarehe 5 Oktoba 2021, na ni ya biti 64 tu. Masharti yake ya chini ni RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya kuhifadhi ya gigabaiti 64, uwezo wa kuwaka kwa njia ya usalama, na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0. Masharti haya kompyuta nyingi za miaka kumi iliyopita zinayafikia. Sharti linaloziangusha ni la prosesa: kwa upande wa Intel, ukiacha prosesa chache sana za kizazi cha 7, orodha inaanzia kizazi cha 8, kilichoanza kutoka Agosti 2017.

Hapa ndipo jina la i5 linapopoteza maana. i5 imekuwepo tangu mwaka 2009 na imepita vizazi vingi. Kinachotakiwa kusomwa ni tarakimu zinazofuata baada ya kistari. Prosesa ya i5-7200U ni ya kizazi cha 7. Ile ya i5-8250U ni ya kizazi cha 8. Tofauti yao haiishii kwenye Windows 11 peke yake: ya kwanza ina viini viwili vya kufanyia kazi, ya pili ina vinne. Lakini ubavuni zote mbili zinaweza kuwa na kibandiko cha i5, na muuzaji akisema zote ni i5 atakuwa hajadanganya.

Kwa namba zenye tarakimu tano, kizazi husomwa kwenye mbili za mwanzo. Kwa hiyo i5-10210U ni ya kizazi cha 10, si cha kwanza. Kosa hili limewahi kuwatisha wanunuzi wakaacha mali nzuri, wakidhani namba inayoanza na 1 ni ya zamani. Baadhi ya namba za kizazi cha 10 na cha 11 zina tarakimu nne, mfano i5-1035G1 na i5-1135G7. Hizo nazo husomwa kwa tarakimu mbili za mwanzo.

Jina la laptopu nalo halitoshi. Dell Latitude 7490, ambayo huonekana sana miongoni mwa kompyuta zilizotoka maofisini Ulaya na Marekani, ilitengenezwa ikiwa na prosesa za kizazi cha 8 na pia nyingine za kizazi cha 7. Mfanyabiashara anayeagiza mzigo kwa kutaja jina la modeli pekee anaweza kupokea mchanganyiko, na hatakuwa na hoja ya kudai kwa sababu alicholetewa ndicho alichoagiza. Oda nzuri hutaja modeli pamoja na namba kamili ya prosesa.

Kwa prosesa za AMD, na kwa zile za bei nafuu za Celeron na Pentium, hesabu ya tarakimu haifuati utaratibu huo. Njia salama ni kuangalia namba kamili kwenye orodha ambayo Microsoft yenyewe imeichapisha, au kuendesha programu yake ya bure ya ukaguzi iitwayo PC Health Check, ambayo hutoa jibu kwa dakika chache.

Inafaa pia kutochanganya TPM na prosesa. Kompyuta nyingi za kizazi cha 6 na cha 7 zina TPM 2.0, na wauzaji huitaja kama ushahidi kwamba mashine itapokea Windows 11. TPM ni sharti moja tu kati ya mengi. Kwa upande mwingine, zipo kompyuta za kizazi cha 8 ambazo hukataliwa kwa sababu tu TPM yake imezimwa kwenye mipangilio ya awali ya mashine. Hiyo si hasara. Fundi huiwasha kwa dakika tano. Mnunuzi anayejua tofauti hii anaweza kuipata kompyuta nzuri kwa bei ya mbovu.

Hesabu ya muuzaji

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara mwenye mtaji wa shilingi milioni 10. Namba hizi ni za kuonyesha hesabu tu, si bei za soko. Ananunua laptopu 25 kwa shilingi 400,000 kila moja, akitarajia kuziuza kwa shilingi 480,000. Faida anayoitegemea ni shilingi 80,000 kwa kila moja, yaani shilingi milioni 2, sawa na asilimia 20 ya mtaji.

Mzigo unapofunguliwa, 10 kati ya hizo 25 zinakutwa ni za kizazi cha 6 na cha 7. Wateja wanaouliza Windows 11 hawazitaki kwa bei ile. Baada ya kukaa nazo, anaamua kuziuza kwa shilingi 320,000 ili fedha irudi. Kila moja inamletea hasara ya shilingi 80,000, jumla shilingi 800,000. Zile 15 zilizobaki zinampa faida ya shilingi milioni 1.2. Kinachobaki ni shilingi 400,000, sawa na asilimia 4 ya mtaji, na bado kodi ya fremu, usafiri na mshahara wa kijana wa dukani havijatolewa.

Mzigo haukuwa mbovu. Hakuna kompyuta iliyokufa njiani. Kilichokula faida ni tarakimu moja ambayo haikusomwa kabla ya kulipa.

Kwa mwenye ofisi anayemiliki kompyuta za kizazi cha zamani, ipo njia ya kununua muda. Microsoft ilitangaza huduma ya ziada ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10. Kwa watumiaji wa nyumbani ilipangwa kufikia tarehe 13 Oktoba 2026, na wale wasiotumia njia zake za bure walitakiwa kulipa dola 30 za Marekani. Kwa makampuni bei ilikuwa dola 61 kwa kompyuta moja kwa mwaka wa kwanza, ikipanda mara mbili kila mwaka, kwa muda usiozidi miaka mitatu.

Hiyo ina maana ya dola 61, kisha 122, kisha 244. Kwa miaka mitatu kompyuta moja hula dola 427. Ofisi yenye kompyuta 10 hulipa dola 4,270, na mwisho wa muda huo inabaki na mashine zile zile ambazo zimezeeka zaidi. Aidha, anayeingia mwaka wa pili hutakiwa kulipia na wa kwanza. Mwenye biashara ndogo anapaswa kuiweka hesabu hiyo pembeni ya bei ya kompyuta ya kizazi cha 8 au zaidi na kuona ipi nyepesi. Kwa wengi, mwaka mmoja wa kujipanga unaweza kuwa na maana. Mitatu ni vigumu kuitetea.

Programu nazo zina mipaka yake

Baadhi ya wenye maduka husema hawana haja ya Windows mpya kwa kuwa ya zamani inawaka vizuri. Ni kweli, kompyuta haizimiki siku ambayo huduma ya mfumo wake inakoma. Windows 7 ilikomeshwa tarehe 14 Januari 2020 na mashine zake ziliendelea kuwaka. Tatizo huja polepole, kupitia programu zinazouacha mfumo huo nyuma moja baada ya nyingine.

Kivinjari cha Chrome ni mfano ulio wazi. Toleo la 109, lililotoka Januari 2023, lilikuwa la mwisho kwa Windows 7 na Windows 8.1. Matoleo yaliyofuata yalidai Windows 10 au zaidi. Kwa mfanyabiashara anayefungua akaunti yake ya benki au kuwasilisha ritani za kodi kwa njia ya mtandao, kivinjari kilichoachwa nyuma ni mlango wenye komeo bovu: hauzuii mwenye nyumba kuingia, lakini haumzuii mwizi pia.

Programu za ofisi zina kalenda yake. Office 2016 na Office 2019 zilikomeshewa huduma siku ile ile ya tarehe 14 Oktoba 2025. Office 2019 ilikuwa na sharti jingine tangu mwanzo: kwa upande wa Windows, haikuingia kwenye mfumo wa chini ya Windows 10. Kwa hiyo mtu aliyenunua leseni yake akiwa na kompyuta ya Windows 7 alikuwa na leseni halali na kompyuta nzima, lakini hakuwa na kitu cha kufanyia kazi.

Office pia hutolewa kwa biti 32 na biti 64, na hizo mbili hazikai pamoja kwenye kompyuta moja. Ofisi inayotumia viongezeo vya zamani vya Excel vilivyotengenezwa kwa biti 32 itaviona vimekufa siku itakapowekewa Office ya biti 64. Katika hali hiyo, dawa ni kuweka Office ya biti 32 juu ya Windows ya biti 64. Inaruhusiwa, na haihitaji kubadili kompyuta.

Kwa upande wa mahesabu ya biashara, QuickBooks Desktop ilihamia biti 64 kuanzia toleo la mwaka 2022, na haiingii kwenye Windows ya biti 32. Mhasibu anayenunua toleo jipya kwa ajili ya kompyuta ambayo fundi aliiwekea mfumo wa biti 32 miaka iliyopita atakwama. Lakini mara nyingi prosesa ya kompyuta hiyo ni ya biti 64. Kilichokosewa ni mfumo uliowekwa juu yake. Kinachotakiwa ni kupiga Windows upya ya biti 64. Ikumbukwe tu kwamba haiwezekani kupanda kutoka biti 32 kwenda 64 bila kufuta mfumo wa zamani, hivyo kumbukumbu zote za hesabu ziwe zimenakiliwa pembeni kwanza.

Mac na laptopu za ARM

Soko la Mac zilizotumika lina mstari wake, na huko mstari ni mkali zaidi. Kampuni ya Apple ilihamia prosesa za Intel mwaka 2006, kisha Novemba 2020 ikaanza kuziacha na kutumia prosesa zake yenyewe za aina ya ARM, ya kwanza ikiwa M1. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2019, mfumo wa macOS Catalina uliacha kuendesha programu zote za biti 32.

Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba macOS Tahoe litakuwa toleo la mwisho kwa Mac zenye prosesa ya Intel. Hata toleo hilo halikuzikubali zote: MacBook Air yoyote ya Intel iliachwa nje. Kwa mnunuzi, hii ina maana kwamba MacBook Air mbili za mwaka 2020, zinazofanana umbo na rangi, moja ya Intel na nyingine ya M1, ni bidhaa mbili tofauti. Njia ya kuzitofautisha ni rahisi. Fungua alama ya tufaha juu kushoto, kisha sehemu ya kueleza kuhusu Mac hiyo. Likitajwa jina la Intel, bei ishuke.

Wapo wanaonunua Mac kwa nia ya kuiwekea Windows. Kwa Mac za Intel, Apple iliweka njia ya kufanya hivyo. Kwa zile za M1 na kuendelea, njia hiyo haipo. Windows huendeshwa ndani ya programu nyingine, na inakuwa ni Windows ya ARM.

Jambo hilo hilo linahusu laptopu za Windows zenye prosesa za Snapdragon X zilizoingia sokoni Juni 2024. Sifa yake kubwa ni betri kudumu muda mrefu. Programu za kawaida za Intel zinaendeshwa kupitia mkalimani aliyemo ndani ya Windows 11, na nyingi zinakwenda bila shida. Draiva hazina mkalimani. Mashine ya risiti, skana au kifaa cha usalama kinachochomekwa kwa ajili ya leseni ya programu lazima kiwe na draiva ya ARM. Mwenye duka ajaribu vifaa vyake papo hapo kabla ya kulipa.

Njia za mkato

Soko halikosi dawa za kienyeji. Wapo mafundi wanaoipiga Windows 11 kwenye kompyuta za kizazi cha 4 au cha 6 kwa kuruka ukaguzi wa masharti. Inawezekana, na mara nyingi kompyuta huwaka. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba kompyuta ya namna hiyo haina uhakika wa kupata marekebisho yanayofuata. Toleo la 24H2 la mwaka 2024 lilithibitisha onyo hilo kwa mashine kongwe zaidi: lilidai amri fulani ambazo prosesa za zamani kama Core 2 Duo hazina, na kwa hizo hakuna ujanja wa kuruka.

Kwa hiyo kuiona Windows 11 kwenye kioo si ushahidi kwamba kompyuta inastahili bei ya Windows 11. Muuzaji anayeuza mali ya namna hiyo bila kueleza anamuuzia mteja tatizo lililochelewa, na mteja akirudi atakuwa na haki ya kulalamika.

Njia ya mkato iliyo na heshima ni Linux, ambayo haina ada ya leseni. Kompyuta ya kizazi cha 6 au cha 7 yenye RAM ya gigabaiti 8 hufanya kazi vizuri kwa barua, mahesabu ya kawaida na mtandao ikiwa na Linux na LibreOffice. Lakini hata huko biti zinahesabiwa. Ubuntu iliacha kutoa mfumo wa mezani wa biti 32 mwaka 2017, na Debian, iliyokuwa kimbilio la mashine kongwe, iliacha kuhudumia kompyuta za biti 32 za aina hiyo kwa ukamilifu ilipotoa toleo la 13 Agosti 2025. Kompyuta ya biti 32 tupu imebaki na thamani ya vipuri.

Kwa msingi huo, kompyuta ya upande wa pili wa mstari si takataka. Ni mali yenye wateja wake: mwanafunzi, duka la kuchapa nyaraka linalokubali Linux, kompyuta ya stoo isiyounganishwa na mtandao. Ina bei yake, na bei hiyo ni ya chini. Anayeinunua kwa bei hiyo akijua anachonunua amefanya biashara nzuri. Anayeinunua kwa bei ya kizazi cha 8 ndiye aliyepoteza.

Kabla ya kulipa

Utaratibu wa ukaguzi hauzidi dakika kumi na hauhitaji fundi. Kwanza, mnunuzi aandike nyumbani majina na matoleo ya programu anazozihitaji, pamoja na vifaa atakavyochomeka, kisha asome masharti ya kila moja. Watu wengi huanza na kompyuta na kumalizia na programu. Mpangilio sahihi ni kinyume chake, kama mwenye gari anavyoanza na injini ndipo atafute spea.

Pili, akifika dukani aombe kompyuta iwashwe, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisha aandike msinfo32. Hapo ataona namba kamili ya prosesa, aina ya mfumo na RAM. Akiandika winver ataona toleo la Windows, na akiandika tpm.msc ataona kama TPM ipo na ni toleo gani. Kompyuta inayooneshwa ikiwa imezimwa, kwa maelezo kwamba chaja haipo, isubiri mpaka chaja ipatikane.

Tatu, namba ya prosesa iandikwe kwenye risiti, si neno i5 pekee. Risiti yenye namba kamili humlinda mnunuzi, na humlinda pia muuzaji mwaminifu dhidi ya mteja anayerudisha mashine iliyobadilishwa.

Nne, kwa wanaoagiza mzigo mkubwa, orodha ya namba za prosesa iombwe kabla ya fedha kutumwa, na bei zipangwe kwa makundi: kizazi cha 8 na kuendelea kundi lake, cha 6 na cha 7 kundi lake. Muuzaji wa nje anayekataa kutenganisha makundi hayo kwa kawaida anajua sababu yake.

Makampuni ya Ulaya na Marekani yaliyobadilisha kompyuta zake kwa sababu ya Windows 10 yaliziondoa kwanza zile zisizoweza kuhamia Windows 11. Ndiyo kusema kwamba mali iliyo rahisi zaidi kupatikana kwa wingi ndiyo iliyo upande mbaya wa mstari, na bei ya chini inayotangazwa inaeleza hilo kabla ya kopo kufunguliwa. Mwenye mtaji mdogo hapaswi kuikimbia mali hiyo, ila aipime kwa bei yake halisi, na asikubali kuilipia kwa jina la i5.